Oili Mpya kwenye Injini ya Zamani

Mwanangu Tusekile,

Nimeanza barua hii kwa salamu mara mbili, na mara zote mbili nimechana karatasi. Tunaishi nyumba moja, mchana huu umeninawisha mikono kabla ya kula, halafu nikuulize u hali gani? Ungenicheka. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Niko uani, ndani ya gari, siti ya dereva, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Wewe na mama yako mmekwenda Matwebe kuwaaga mama zako wadogo, na kwa mvua hii najua hamrudi kabla jua halijazama, kama jua lenyewe lipo. Kesho saa nne unapanda basi kwenda Iringa kwa shangazi yako, kuuza kwenye duka lake la vitambaa. Mambo ya chandarua, ya begi kukaa miguuni badala ya kwenye buti, ya kupiga simu ukifika Makambako, mama yako ameshakueleza. Nimemsikia akirudia mara ya tatu leo asubuhi. Sina cha kuongeza hapo.

Mimi nataka kukuandikia habari za oili.

Usitabasamu. Najua utasema baba naye, binti anaondoka nyumbani yeye anaandika habari za injini. Lakini nimejaribu kukueleza kwa mdomo si chini ya mara kumi. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, ulipokuwa unamenya ndizi, nikaja nikasimama mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unatafuta kisu?" nikasema ndiyo, nikachukua kisu, nikaenda nacho shambani bila kazi yoyote. Kisu chenyewe bado kiko kule, kimechomekwa kwenye mgomba. Mwambie mama yako asikitafute.

Unakumbuka gari hili nililitunza vipi miaka yote. Halikutunzwa. Nilikuwa nanunua oili ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa za maji, nzito kama uji. Ikipungua naongeza. Ikipungua tena naongeza tena. Kumwaga yote na kuweka mpya ilikuwa mpaka gari lilie. Nilijiona mjanja, maana lilikuwa linapanda mlima wa kwetu Kisondela na mikungu ya ndizi na watu sita, na mimi nilidhani gari linalopanda mlima halidai kitu.

Halafu siku moja pale sokoni Tukuyu nikakutana na dereva mmoja wa malori yanayokwenda mpakani. Akanisifia ile oili ya sintetiki. Akasema ni safi, nyepesi, injini inapumua, mlima unakuwa tambarare. Nilikuwa nimetoka kuuza parachichi siku hiyo na nilikuwa na kichwa kikubwa. Nikanunua galoni, nikaipitisha Bulyaga kwa fundi Athumani nikiwa nimeibeba mbele ya kifua ili kila mtu aione.

Athumani unamjua, mtu wa maneno machache, watu wao walikuja huku kutoka Tanga enzi za babu yake. Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, akaingiza kidole, akanionyesha. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo cha pili.

"Mzee, humu ndani kuna tope," akasema. "Hii oili uliyoleta ni nzuri, sikatai. Lakini inaosha. Ukiimwaga humu ghafla italibandua hilo tope lote kwa mpigo, litateremka chini, litaziba chujio la pampu. Injini itakosa oili huku oili imejaa. Niachie siku mbili. Nifungue sampo, hilo bakuli la oili chini ya injini, nisafishe, tuweke filta mpya. Tutembee nayo kidogo, tumwage, tuweke tena. Taratibu."

Mimi nikamjibu, "Fundi, wewe unatafuta kazi."

Nilisema hivyo mbele ya wateja wake. Yeye akafuta kidole kwa tambara, akafunga kifuniko, akasema, "Haya, mzee wangu." Nikarudi nyumbani na galoni langu, nikaimwaga ile oili ya zamani kwenye shimo nyuma ya migomba, nikaweka mpya mwenyewe. Filta sikubadilisha. Niliitazama kwa nje nikaona bado nzuri.

Wewe ulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Uliporudi ulichovya kijiti cha kupimia, ukasema, "Baba, mbona hii ni nyepesi kama mafuta ya kupikia?" Nikakwambia ndiyo maendeleo.

Na wiki ile ya kwanza, Tusekile, gari lilikwenda vizuri ajabu. Nililisimamisha dukani kwa makusudi, likiwa linaunguruma, niwaulize watu kama wanasikia kitu. Hata matone ya oili yalipoanza kuonekana chini asubuhi, niliweka kipande cha boksi ili mama yako asiyaone. Oili ilikuwa imegeuka nyeusi kwa siku chache tu. Nikasema moyoni, naam, inasafisha. Kweli ilikuwa inasafisha.

Sasa nafika pale ambapo juzi nilisingizia kisu.

Siku bibi yako alipoanguka jikoni, mvua ilikuwa kama hii ya leo. Alikuwa anapukuchua maharage. Mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukakataa. Tulimbeba, mimi na wewe, tukamlaza siti ya nyuma, na mimi nikakaa naye, kichwa chake kwenye mapaja yangu, maana kila tulipomlaza peke yake alikuwa anateleza. Mama yako alikuwa Mbeya. Leseni yako ilikuwa na miezi mitatu. Nikakurushia funguo.

Uliendesha vizuri. Nataka hili liandikwe mahali, na mahali pengine sina, basi liwe hapa. Hukupiga kelele, hukuuliza mara mbili, zile kona zote za matope ulizipita bila kutetemeka. Nilikufundisha mimi, lakini hukuendesha kama mimi. Bibi mwenyewe alikuwa akikaa hapo nyuma siku za Jumapili na mfuko wake, anasema, "Baba yako tukipanda naye natangulia kusali. Huyu mtoto ndo dileva."

Tulipoanza kupanda ule mlima wa mwisho, bibi akanusa. Akasema kwa shida, "Hili gali linanuka." Na wewe ukasema, "Baba, taa nyekundu imewaka. Ile ya oili."

Ulisema. Nilikusikia. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari lakini nilikusikia neno kwa neno.

Nikakwambia, "Kanyaga! Usisimame!"

Ukageuka kidogo, ukasema tena, "Baba, taa." Nikapiga mgongo wa siti yako kwa ngumi, nikasema kanyaga. Ukakanyaga. Injini ikaanza kugonga, ikagonga mpaka tukaisikia miguuni, halafu ikakata pale kwenye kona, na haikuzunguka tena.

Yaliyofuata unayajua nusu. Ile bodaboda ilipatikana baada ya muda mrefu, tukampakia bibi katikati, mimi nyuma nimemshika, wewe ukabaki na gari. Njiani aliniuliza mara moja tu, "Tuse yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Akasema, "Amebaki na mvua." Hakusema kitu kingine mpaka tulipofika hospitali, na hospitali hakusema kabisa. Alfajiri akafariki. Daktari aliniambia ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa, hata tungefika mapema hakuna mtu angeweza kuahidi. Hilo nakupa kama nilivyolipokea. Sijui nalo nifanye nini, hata leo.

Kwetu mtu hazikwi kabla watu hawajaelezwa alivyokufa. Unajua desturi. Jeneza liko pale, watu wamejaa mpaka ndani ya migomba, na mtu wa nyumba hiyo anasimama aeleze: aliugua hivi, tulimpeleka pale, akafariki saa fulani. Baba yako mkubwa akanipa ishara, nikasimama. Nilieleza vizuri. Maharage, mdomo, mkono, gari. Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Hilo gari lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Mtoto ndiye alikuwa anaendesha. Taa ya oili iliwaka, hakuiona."

Ulikuwa umesimama na wasichana wenzako karibu na jiko, umeshika beseni la kunawia. Nilikuona. Hukuinua uso. Ulilitazama lile beseni kama kuna kitu kimedondokea humo, kisha ukaenda kumwaga maji yaliyokuwa bado masafi.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Sikupanga. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama yangu aliyekufa, watu wakisubiri, na ule ukweli ulikuwa mrefu, una galoni, una Athumani, una ngumi kwenye siti. Uongo ulikuwa mfupi. Ulinitoka kirahisi kama mtu anavyotaja saa.

Siku nane baada ya mazishi Athumani alifungua injini. Akanitolea lile chujio, limezibwa lote, kama sufuria iliyoungua ikakaa wiki haijaoshwa. Nikadhani atanikumbusha niliyomwambia siku ile. Akasema tu, "Binti hana kosa, mzee. Angesimama taa ilipowaka, pengine injini ingepona. Safari isingepona. Gari lilikuwa limeshakufa kabla hamjatoka nyumbani." Kisha akaenda kunawa.

Hiyo ndiyo sehemu usiyoijua, na ndiyo maana naandika. Ya taa unayajua na umeyabeba miaka miwili bila kumwambia hata mama yako. Nilimchunguza, hajui. Lakini nilikuona ukilitazama lile gari lilipoletwa kwa kamba, nikajua unafikiri: ningesimama. Ningemkatalia baba nikasimama. Sikukuondolea hilo. Ningeweza, jioni ile ile niliyotoka kwa Athumani, kwa sentensi moja. Nikakaa kimya, na kesho yake kimya kikawa rahisi zaidi, na mwezi ukaisha.

Watu walisema mimi ni mwanaume kweli, sikulia msibani. Tusekile, sikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Tangu siku ile mwili wangu umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Najua upo, ukiguswa naona umeguswa, basi. Nakula, nasema kimetiwa chumvi vizuri, kwa kuwa mama yako ananitazama. Nilipomaliza kupalilia chai msimu uliopita sikumbuki nilianzia wapi. Naandika hata haya kama anayejaza fomu: jina, kijiji, sababu. Kitu kimoja tu ndicho ninachokisikia sawasawa, nacho ni aibu. Aibu ninayo, na inanikuta popote.

Ilinikuta vibaya siku ya sendofu ya binamu yako, alipoagwa kabla ya ndoa. Alitafutwa dereva wa kuwapeleka wazee, mtu akasema, "Tuse si ana leseni?" na mwingine akajibu, "Huyo hapana, jamani, tunataka wazee wafike." Watu wakacheka. Nawe ukacheka, ukaenda kumenya ndizi na wamama. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nina soda mkononi. Nilitazama ile soda. Tangu msiba hujawahi kushika usukani, na ulikuwa mtu wa kusema utajifunza mitambo, utaendesha greda, utachonga barabara ya Kisondela mwenyewe kwa kuwa wakubwa wameisahau. Sasa unakwenda kupima vitambaa. Si kazi mbaya, shangazi yako ni mtu mwema na duka lake ni zuri. Ila hukuichagua. Uliichukua kwa kuwa iko mbali na hapa, na ni mimi niliyekufukuza, ingawa hakuna mtu aliyesikia nikikufukuza.

Sitaki kuigeuza oili kuwa mahubiri, mchungaji tunaye na anatutosha. Ninachoweza kukwambia ni kile nilichokosea. Nilitaka miaka ya uzembe wangu isafishwe kwa galoni moja, kwa siku moja, bila mtu kufungua na kuona kilichomo ndani. Na aliponiambia tufungue kwanza, nikamtukana. Ukikutana na mtu wa namna ya Athumani huko Iringa, atakayekwambia subiri, pana tope humu, msikilize hata kama amekuudhi. Mimi sikusikiliza mtu aliyekuwa na kidole cheusi mbele ya macho yangu.

Athumani nilimwomba radhi, nilichelewa mwaka mzima. Nilimkuta amelala chini ya gari la mtu, nikamwomba radhi nikiongea na miguu yake. Akasema kutoka kule chini, "Nipe spana namba kumi na nne." Nikampa. Ndiye aliyetafuta hii injini nyingine, akaifungua yote kabla hatujaifunga, akaisafisha, akaweka filta mpya, akaniita tena baada ya wiki mbili kumwaga na kuweka upya. Sasa inakunywa ile ile oili nyepesi bila tatizo. Hata matone chini hakuna. Oili haikuwa na kosa.

Jana nilikwenda kwa baba yako mkubwa nikamweleza yote. Alikuwa anakoroga chai. Alikoroga muda mrefu sana. Akasema, "Ulimtwisha mtoto wako kosa lako mbele ya jeneza la mama." Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini sikusema, nikamwambia sikujua pa kuanzia. Akasema, "Basi neno hilo ulilisema mbele za watu, ukalifute mbele za watu. Kwangu hapa hujafuta kitu." Chai yake hakuinywa, na hakunisindikiza mpaka njiani kama kawaida yake.

Kesho saa moja wanakuja kukuombea safari. Baba mkubwa atakuwepo, wale waliocheka kwenye sendofu, na yule mzee aliyeuliza gari lilikuwa na nini, nimemwita mwenyewe. Baada ya sala mzazi hupewa nafasi ya kumuaga mtoto. Wanatarajia niseme usome Biblia na usisahau nyumbani. Mimi nitasimama pale pale uani niliposimama siku ile, nitawaeleza mama yangu alivyokufa. Safari hii yote. Galoni, Athumani, taa, ulichosema, nilichosema, ngumi. Nakuandikia leo ili usije ukashtukizwa mbele ya watu kwa mara ya pili. Ukitaka kuwepo, kaa. Ukitaka kwenda nyuma ya nyumba mpaka nimalize, nenda, hakuna atakayekuita. Sikuombi unisamehe kesho. Basi lina saa yake na hilo ni jambo la kuchukua muda wake.

Nilipoandika pale juu kwamba ulisema taa, nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Vioo vimejaa ukungu, sioni hata nyumba.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako jekundu, na juu yake nitaweka funguo za gari. Nimepima oili, iko kati ya alama mbili. Kesho tukimaliza na watu, mimi nitaingia garini nikae siti ya abiria, nisubiri. Ukiona huwezi kushika usukani, ziache funguo hapo hapo. Nitashuka, nitabeba begi kichwani, tutatembea mpaka barabarani, na njia nzima sitakuuliza kitu.

Ukiweza, endesha. Na ukisema, "Baba, taa," tutasimama.

Baba yako.